Ufa wa Pili

...na mkono usitikisike, Munyiva, lile tone la hewa ndani ya kioo kidogo liko katikati ya duara, liache hapo hapo, fimbo iko wima, wima kabisa, na bado Hillary kule nyuma ya mashine yake ya kupimia yenye miguu mitatu anapiga kelele, "We siz, simama straight! Unachezacheza nini?", na wenzake wanacheka, wanafunzi kumi na mmoja wa uinjinia wenye kofia nyeupe ambazo hazijawahi kukwaruzwa, na yeye hachezi, hajawahi kusimama wima hivi tangu azaliwe, kilichohama si fimbo, ni kigingi, hiki kigingi chenye rangi ya buluu kilicho chini ya ncha ya fimbo, na katika kiwanja hiki kizima, kuanzia huyo Hillary mpaka Madam Soila mwalimu wao, anayejua hilo ni yeye peke yake, yeye na ng'ombe wa mzee Kuntai, na ng'ombe hasemi... Laiti angekuwa na nyundo asubuhi. Alikuwa na ndoo tu, anamwagilia slabu maji kama kila asubuhi ili simiti ikomae, ndipo mzee Kuntai akatokea na ng'ombe wake, "Sopa, entito," akamsalimu kwa Kimaasai kama msichana wa kwao, naye akajibu, "Epa," na mzee akasema, "Waambie watu wako wamejenga kwa njia ya ng'ombe," "Si watu wangu, mzee, mimi namwagilia tu," "Basi na ng'ombe wangu wanapita tu," akacheka, wakapita, na yule mwekundu mwenye pembe moja akakipiga kigingi kwato, kikalala chini kama mswaki uliotupwa, na udongo huu mweusi wa Kitengela wakati wa kiangazi ni mgumu kama kigae, haupokei kitu, isipokuwa pale ulipopasuka, na hapo palikuwa na nyufa mbili, zimelala sambamba kama mbavu, akachutama akajiuliza ni upi, upi, na basi la chuo likawa linapiga honi getini, akakisukuma kigingi kwenye ule ufa kilimoingia vizuri. Kilimoingia vizuri! Kama mtoto anayevaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia kwa sababu kimeingia. Na sasa akiinamisha macho bila kuinamisha kichwa anauona ule ufa mwingine, vidole vinne kutoka hapa, na kwenye ukingo wake kuna vumbi la rangi ya buluu.

"Hillary," anasema yule msichana wa miwani, Lorna, anayeshika kompyuta, "pointi hii haiko sawa na ramani. Iko nje kwa sentimita saba hivi," na Munyiva anawaza, Mungu wangu wameona, wameona wenyewe, sitahitaji kusema, lakini Hillary anasema, "Ni huyo dem, hashiki vizuri. Tuache, nitaiambia laptop ikubali kigingi kilipo," na Madam Soila, asiyegeuka, anayewaonyesha wengine ile mashine kubwa ya kuchapa kuta kama printa, anasema, "Kumbukeni, hiki chombo hakikosei, anayekosea ni binadamu. Teknolojia hii inakuja mpende msipende, na asiyejiandaa ataachwa," na wanaandika, wote wanaandika, na Munyiva anawaza, mimi nani ataniandaa, mimi niliyeachia kidato cha pili... Na Madam ndiye aliyemwambia wiki jana, pale kwenye tangi la maji, "Wewe uko na akili, Munyiva. Siku ya zoezi utatushikia fimbo, na ukifanya vizuri nitaongea na mkuu wa idara, kuna kozi ya kuendesha hii mashine, hawaangalii sana cheti," na yeye akaenda nyumbani akiwa hagusi ardhi, jana akapiga pasi blauzi ya shule, ile ile, akatoa beji, na baba yake akiwa amelala chali kitandani akacheka kidogo, "Mashine inachapa nyumba? Basi iichape na dawa ya mgongo," halafu akasema, "Enda, mwanangu. Enda ujue," baba aliyemfundisha kupima usawa kwa mpira wa maji, aliyekuwa akimwambia jicho ni shahidi tu, Munyiva, kamba ndiyo hakimu, na leo yeye kamba hakuvuta, alimwamini shahidi.

"Usihame! Nachukua tena!" Sihami, sihami... vidole vinne ni nini kwani, nyumba nzima ina mita ngapi, nani atapungukiwa na vidole vinne, lakini mwezi jana alibeba zile nondo mwenyewe, aliwashikia mafundi waya, anajua chini ya hii slabu mihimili imepita wapi kama anavyojua mifupa ya mkono wake, na ukuta lazima ukae juu ya mhimili, na kutoka kwenye kigingi hiki mashine itapinda, mwanzo vidole vinne, kule mwisho labda hatua nzima, itamwaga mota tabaka juu ya tabaka, laini, nzuri, watu watapiga picha, halafu mvua ya Aprili itakuja na huu udongo utavimba, unavimba kama unga uliotiwa hamira, na ukuta ulio hewani utajua uko hewani, na ndani watakuwa wale watoto wa chekechea wa kanisa wanaojengewa nyumba hii, wanaimba... Nikisema, itakuwaje? "Kumbe ni wewe uliyekigusa?" na Hillary atacheka, na Madam ataniangalia vile walivyoniangalia siku ile nikibeba godoro getini mwa shule, na kozi basi, na hata ndoo ya maji watampa mwingine. Nikinyamaza, watasema mkono wangu ulitetemeka, kosa dogo, la msichana asiyesoma, watanisamehe, Mungu wangu, watanisamehe kwa lile nisilolifanya... usimfikirie Kiama, usimfikirie sasa, tazama tone la hewa, lakini Kiama, aliyefanya kazi na baba, anakuja vilevile, amekaa ukingoni mwa kitanda cha baba hospitalini, fundi mzima na ndevu zake, analia mpaka manesi wanageuka, "Niliuona ule ufa kwa ubao wa jukwaa, Mwololo. Asubuhi niliuona. Nikasema utashika, leo tu, foreman alikuwa amekasirika," na baba aliyeanguka na ule ubao kutoka orofa ya tatu kule Gataka akiangalia dari, na Munyiva amesimama na chupa ya uji, na sare ya shule, mara ya mwisho kuivaa, akimchukia yule mtu kwa mifupa yake yote, akijiuliza mtu anaonaje ufa halafu ananyamaza, mtu wa namna gani.

Wa namna hii. Aliyepiga pasi. Anayetaka kitu kimoja tu, na siku ni nzuri, na watu wamekasirika.

"Sasa tulia," anasema Hillary, "nikishusha mkono nimesave, tunaanza kuchapa," na mkono wake uko juu, na Lorna ameinamia kompyuta, na upepo umesimama, na mbele ya Munyiva tone la hewa limelala katikati ya duara kama jicho lililofumbuka, fimbo iko wima juu ya ufa usio wake, kando yake ule wa pili na vumbi lake la buluu, na yeye hajahama hata unywele, hajafungua mdomo bado, ila neno "Madam" limeshafika nyuma ya meno.