Kocha Msaidizi Hainami

Jumanne moja ya Februari 2015, saa tisa alasiri, kocha msaidizi Évariste alikuwa akipanga koni kwenye uwanja wa chuo kimoja cha Braamfontein, akaona vifundo vya miguu yake viko nje. Suruali ya mazoezi, ambayo asubuhi ilimfika kwenye viatu, sasa ilikomea juu. Akaivuta chini, ikakataa, akaendelea kupanga koni. Muda mfupi kabla ya hapo Mista Lambert, mkurugenzi wa michezo, alikuwa amemtambulisha kocha mkuu mpya, na kocha mkuu mpya hakuwa Évariste.

Tusidanganyane, kila mtu alidhani safari hii ni yeye. Alikuwa msaidizi pale tangu wachezaji wa sasa wakiwa wananyonya. Makocha wakuu walikuja wakaondoka, mmoja kwa maradhi, mmoja kwa pombe, mmoja kwa timu ya Durban iliyomrubuni, na kila mara Évariste ndiye aliyeishika timu mpaka apatikane mwingine. Nao walikuwa na desturi yao: kocha mkuu mpya huvishwa filimbi shingoni mbele ya wachezaji, na anayemvisha ni yule aliyekaa kwenye timu kuliko wote. Yaani Évariste. Jamani, dharau ziko nyingi, lakini hii ya kumvisha mwenzako cheo chako kwa mikono yako mwenyewe, huku unatabasamu, inaingia mpaka kwenye mifupa. Kwa Évariste iliingia kwelikweli.

Jioni, nyumbani mtaa wa La Rochelle, mkewe Célestine, fundi cherehani mwenye kibanda Yeoville, alimtazama kuanzia chini mpaka juu, akasema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu:

"Bamekunyima tena."

"Banasema banatafuta mtu wa hapa."

"Na weye uko wa wapi, miaka yote hii?"

Célestine akafumua pindo la suruali, akaliteremsha, wakala ugali wao.

Mwaka uliofuata yule mtu wa hapa alipata kazi kwingine, akaletwa mmoja aliyesomea Uingereza. Évariste akamvisha filimbi, akarefuka kwa kipimo cha mkono mzima. Daktari wa kliniki alimpima, akamshauri anywe maji mengi na avae kofia, kwa kuwa sasa yuko karibu na jua. Kwenye teksi hakuenea tena, basi akawa anakwenda kazini kwa miguu, na kwa hatua zile hakuchelewa hata siku moja. Mwaka 2017 akaja wa tatu, na Évariste akalipita goli kwa kimo. Golikipa akalalamika kwamba anamwekea kivuli. Évariste akasogea.

Chuoni walimzoea upesi, wakamtumia, kama kawaida yao. Alishusha mipira iliyokwama juu ya paa la kantini. Alibadilisha balbu za taa za uwanja bila kupanda kitu chochote. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa la malezi: kwao Bukavu alifundishwa kwamba mtu mwenye heshima haombi kiti, husubiri akaribishwe. Alisubiri weee. Mwaka 2018 alimvisha kocha wa nne, na kwa urefu aliokuwa nao ilibidi apige magoti yote mawili kwenye majani, wachezaji wakampiga picha kwa simu zao. Alipoinuka alikuwa amerefuka tena, na malezi yalikuwa yamemtoka. Akaenda moja kwa moja kwa Lambert, akasimama nje, akaongea naye kupitia dirisha la ghorofa ya pili.

"Mista Lambert, huyu naye akiondoka, nataka kazi hiyo. Naomba kwa mdomo wangu."

"Évariste, kaka, wewe ndiye nguzo yetu," Lambert alisema. "Lakini hebu fikiria. Ofisi ya kocha mkuu ina mlango wa kawaida. Hata tukikupa, utaingiaje?"

"Mlango ule nilikuwa naingia miaka yote. Nyinyi ndio mlionirefusha."

"Ndiyo maana nasema," Lambert akajibu kwa upole, "ungeomba mapema."

Évariste alikasirika. Alikasirika vibaya sana. Alirudi kwa miguu akipishana na robot, zile taa za kuongozea magari, macho kwa macho, na taa nyekundu hakuitii hata moja. Chumbani mwao alikuwa haenei tena tangu siku nyingi, kwa hiyo alisimama uani akamwita mkewe.

"Célestine! Siinami tena. Kwa mtu yeyote."

"Usiiname, bwana yangu," Célestine alisema, akikata uzi kwa meno. "Mgongo ni wako."

Mwaka 2019 yule wa nne akaondoka, na aliyeteuliwa akawa Chris. Huyu lazima aelezwe. Chris alizaliwa Yeoville na wazazi wa Kikongo, akasoma chuo hichohicho, akachezea timu hiyohiyo, na aliyemfundisha kupiga mpira kwa mguu wa kushoto ni Évariste. Kiswahili anakisikia vizuri, ila ukimsemesha anakujibu Kiingereza au Kizulu. Kijana mzuri, hana neno na mtu. Na mlangoni anapita.

Siku ya kuvishwa, wachezaji walipanga mstari, Lambert akahutubu, Chris akasogea akanyoosha shingo. Huko juu, filimbi ilining'inia kwenye vidole vya Évariste.

"Inama kidogo, Évariste," Lambert alisema.

"Hapana."

"Ni desturi yetu."

"Desturi inasema nimvishe. Nitamvisha. Juu ya mgongo wangu haisemi kitu. Anayeitaka aifuate."

Hakuna aliyecheka. Lambert alitazama saa yake, kisha akaagiza ngazi. Wafanyakazi wa uwanja wakaileta ile ndefu ya alumini, iliyokuwa haina kazi tangu Évariste aanze kubadilisha balbu, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kuiegemeza, wakaiegemeza kwake, kwenye bega la kulia. Évariste akasimama imara, kijana asije akaanguka. Chris akapanda taratibu, viatu vya mpira vikiteleza kwenye vipago.

Kule juu kulikuwa na upepo. Vilima vya mchanga wa machimbo vilionekana upande wa kusini, na nyuma yake mapaa ya La Rochelle. Chris alivuta pumzi, akasema kwa Kiswahili, ambacho Évariste hakuwahi kukisikia kinywani mwake, akimwita baba kwa heshima:

"Papa, hii kazi ni yako."

"Najua. Basi waambie huko chini."

Chris alitazama chini. Aliwaona Lambert, wachezaji, na simu zilizoinuliwa.

"Eish, Papa. Mama amealika watu wa kanisa leo. Wamekwisha kupika."

Akaleta shingo. Évariste akamvisha filimbi vizuri, akainyoosha kamba isijisokote, na machozi yalimlenga lakini mgongo ulibaki wima. Chris akateremka. Watu wakapiga makofi, Lambert akatangaza kwamba chuo kimepata kocha mkuu, kisha akamwomba Évariste asitikisike kidogo mpaka ngazi iondolewe.

"Kwanza tuiache hapahapa uwanjani," Lambert alisema baada ya kufikiri. "Kocha mkuu atakuwa na maswali."

"Apande," Évariste alisema. "Nikipenda nitamjibu."

Alipofika nyumbani Célestine alikuwa jikoni. Alitoka na sahani ya ugali na sombe, kisamvu cha kwao.

"Bamekupa?"

"Hapana. Bamempa Chris."

"Chris wetu?"

"Chris wetu."

Célestine akasonya, sonyo ndefu ya Bukavu iliyomfanya jirani afunge dirisha.

"Na weye uliinama?"

"Sikuinama."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Keti basi ule."

Évariste hakutaka kuketi. Célestine hakumbembeleza. Alivuta meza mpaka katikati ya ua, akapanda juu yake, akaiinua sahani kwa mikono miwili hadi alipoweza kufika.

"Basi shika," akasema, "chakula kingali cha moto."