Mimba Ndiyo Iliyotangulia

Kwa miezi minne Ruwaida alizunguka Mapinga na mji mkongwe wa Bagamoyo akibisha hodi, akiwauliza mabinti wanaishi na nani na wana watoto wangapi. Alikuwa mkusanyaji takwimu wa shirika dogo la utafiti. Swali moja aliliongeza mwenyewe: ulihama lini kwenu?

Siku ya kuwasomea wazazi matokeo, mkuu wake, Mundhir, aliwaonyesha mchoro mmoja ukutani. Mabinti wanaokaa na wazazi, watoto wachache. Wanaokaa vyumba vya kupanga, watoto mara tatu zaidi.

"Takwimu hazina upendeleo," alisema. "Binti akitoka kwao, anazaa. Wazazi, wekeni watoto nyumbani."

Ruwaida aliutazama mchoro ule. Swali lake halikuwemo. Mstari wa mbele Bi Mayasa, mke wa muuza vitambaa, alikuwa akiitikia kwa kichwa kuliko wote. Ruwaida alimjua bintiye, Naila. Alikuwa amemkuta Mapinga katika kubisha hodi kwake, chumba kimoja, akinyonyesha juu ya godoro lisilo shuka. "Mama aliponiona natapika alinitolea begi barazani," Naila alimwambia. "Akasema nisirudi mpaka watu wasahau."

Wakati wa chai Ruwaida alimfuata Mundhir.

"Tarehe za kuhama ziko wapi?"

"Nimeziondoa. Zinachanganya watu."

"Mabinti sitini na wawili wana watoto huko vyumbani. Arobaini na tisa walihama na mimba zao. Chumba hakikuwapa mimba, bosi. Mimba ndiyo iliyowatoa kwao."

"Najua," alisema Mundhir, akichovya sambusa kwenye chatne. "Lakini wafadhili wanataka neno moja, na wazazi umewaona walivyofurahi."

Angekuwa hajui, Ruwaida angemsamehe. Alitazama vidole vya Mundhir vinavyong'aa mafuta, akaiacha chai yake.

Watu waliporudi kukaa, alisimama bila kuitwa. "Shikamooni, wazazi wangu," alianza, kisha akawaeleza hesabu yote, ya waliohama kabla ya kupata mimba na waliohama baada, pasipo kumtaja mtu. Mzee mmoja aliinamisha uso, akawa anakunjakunja kofia yake mapajani. Mundhir akashukuru kwa "maoni binafsi ya mwenzetu", akafunga kikao.

Mlangoni Bi Mayasa alimshika Ruwaida mkono. Buibui lake lilinukia udi.

"Naila wangu yuko Maskati, kwa shangazi yake," alisema, wala hakuwa ameulizwa. "Anasoma."

Ruwaida alimtazama machoni. Bi Mayasa hakuyapepesa.

"Mungu amhifadhi, mama," alijibu, akautoa mkono wake taratibu.

Siku ya pili aliandika barua ya kuacha kazi, akaomba jina lake lifutwe kwenye ripoti. Mundhir alilifuta kabla ya adhuhuri. Ripoti ikachapwa na mchoro wake uleule.