Mkono Ukutani

Mshona mapazia alikuwa na tatizo ambalo cherehani yake haikuweza kulitatua. Pazia hutundikwa dirishani, na dirishani ndiko mwanga unakoingilia. Kila alipopiga picha kazi aliyoimaliza ili awaonyeshe wateja wengine, dirisha liling'aa na pazia likatoka jeusi tititi. Mteja mmoja alimpigia simu kumuuliza, "Dada, hili ulilonitumia ni pazia au gunia la mkaa?" Alicheka naye, lakini neno lile lilimkaa moyoni.

Jirani yake kwenye safu ile ya maduka alikuwa fundi wa picha za pasipoti, mwanamume mwembamba ambaye mtaa mzima ulimwita Usicheke, kwa kuwa ndilo neno alilowaambia wateja wake kutwa kucha. Alimwachia kamera yake ya zamani kwa bei ya ujirani, akamwekea programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta yake mpakato, kisha akavuta kiti.

"Kwanza kabisa," alisema, "weka kamera ipige picha mbichi."

"Mbichi?"

"Ndiyo. Ile ya kawaida kamera inakupikia yenyewe. Inatia chumvi, inatupa maganda. Ukitaka kuirekebisha baadaye, chumvi ikishaingia huitoi. Mbichi ni nzito, inakula nafasi, lakini kila kitu kimo ndani."

"Hata kile nisichokiona?"

"Hasa hicho."

Upande wa kulia wa kioo cha kompyuta palikuwa na vidude vya kuvuta huku na huku, kila kimoja na jina lake. Usicheke alikishika kile kilichoandikwa *Vivuli*, akakisogeza taratibu. Kutoka kwenye ule weusi yakajitokeza maua ya pazia, halafu mikunjo, halafu hata pindo la chini alilolishona kwa mkono. Mshona mapazia alibaki mdomo wazi.

"Yalikuwemo muda wote huu?"

"Yangeenda wapi?"

Tangu siku hiyo hakushikika. Mteja akitoka, yeye yuko kwenye kompyuta. Alivuta kila kilichovutika na kubonyeza kila kilichobonyezeka. Alimgeuza mumewe kijani kuanzia kichwani hadi kidevuni, mumewe akalalamika kwamba amefanywa kinyonga. Alilifanya anga zambarau, akamkata shemeji yake kichwa kwa bahati mbaya, akakirudisha. Kilichompendeza kuliko vyote kilikuwa *Tendua*. Katika ushonaji ukikosea unafumua, na kitambaa kinabaki na vitundu vya sindano vya kukusuta. Huku unabonyeza mara moja tu, kosa linaondoka bila kuacha alama.

"Laiti cherehani ingekuwa na kitu hiki," alimwambia Usicheke.

"Laiti ndoa ingekuwa nacho," akajibu Usicheke, ambaye alikuwa ameoa mara mbili.

Jumamosi moja mawifi zake walikuja kuwatembelea, na jioni ilipoingia akawapiga picha wakiwa mezani. Hakutumia taa ya kamera, kwa sababu Usicheke alimfundisha kwamba taa ile huwafanya watu waonekane kama wamefumaniwa wakiiba. Wageni walipoondoka, alimwonyesha mumewe. Waliokaa chini ya balbu walitoka vizuri, lakini nusu nyingine ya picha, upande wa korido, ilikuwa kiza kitupu.

"Nusu nzima lami," mumewe alisema. "Futa hiyo."

Hakuifuta. Moyo ulimwambia aone kwanza kilichomo. Jumatatu, dukani, aliifungua, akashika kile kidude cha vivuli, akakivuta mpaka mwisho. Picha ikajaa chengachenga kama mchanga. Kwanza vikatokea viatu vilivyopangwa chini, kisha mwavuli, kisha mita ya umeme. Kando ya mita palikuwa na mkono.

Ulikuwa mkono wa baba mkwe wake. Kiganja kilikuwa kimelala ukutani, vidole vimetanuka. Mzee alikuwa ameinua mguu mmoja kidogo tu, kama mtu anayeonja maji ya mto kabla ya kuvuka. Uso wake haukutazama meza wala watu. Ulitazama mahali pasipo na kitu.

Baba mkwe huyu alikuwa dereva mstaafu wa malori, aliyehamia kwao baada ya mkewe kufariki. Mchana alikuwa mcheshi, hana hili wala lile, akitaniana na wauza magazeti. Ikifika jioni aligeuka mtu mwingine. Ukimpa kitu hapokei, ukimpungia haitikii, na mapema anajitia chumbani. Mumewe alikuwa ameshatoa hukumu: "Mzee ana kiburi siku hizi. Nadhani hapendi kukaa kwetu." Maneno hayo yalikuwa yameleta baridi ndani ya nyumba, baba na mwana wakawa wanaongea kwa kupimiana maneno.

Mshona mapazia alizirudia picha zake zote. Alizipitia moja moja, akizikuza, akivuta vivuli, akisahau chakula chake kikipoa kando ya mkasi. Katika picha za mchana mikono ya mzee ilikuwa huru, mara kiunoni, mara hewani akisimulia jambo. Katika za jioni kila mara mkono mmoja ulikuwa umeshika kitu: fremu ya mlango, mgongo wa kiti, bega la mjukuu. Hakuna hata moja ambayo alisimama bila kushikilia kitu. Akaegemea nyuma. Akakumbuka kikombe kilichovunjika mwezi uliopita, na mzee aliyesema kwa ukali kwamba kimewekwa vibaya.

Alibeba kompyuta hadi mlango wa pili kuomba ushauri.

"Mimi kazi yangu kuwaambia watu wasicheke," Usicheke alisema, akiinua mikono. "Mambo ya wakwe simo." Halafu akaitazama ile picha kwa muda, akaacha mzaha. "Lakini ningekuwa mimi, ningependa nionyeshwe faraghani. Si mbele ya watu."

Asubuhi iliyofuata, mumewe alipokwenda kazini, mshona mapazia aliiweka kompyuta kwenye meza ya sebuleni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leo hufungui duka?"

"Nitafungua. Kuna picha nataka uione kwanza."

Mzee alikaa, akasogeza uso karibu na kioo. "Hawa wanangu nawaona. Huku kweusi sioni kitu."

"Hata mimi sioni, baba. Hakuna anayeona." Akashika kipanya, akavuta.

Mzee alijitazama akitokea gizani, kiatu, goti, mkono. Mshona mapazia hakuthubutu kumtazama, akakaza macho kwenye kioo.

"Nani mwingine kaiona hii?"

"Fundi wa picha, nilipokwama. Nyumbani hapa, mimi tu."

Mzee alipumua kwa nguvu. "Mwaka sasa. Jua likizama ni kama mtu kanitundikia blanketi usoni. Taa naziona, lakini kila moja ina pete kubwa kama tairi. Nimeendesha usiku miaka yote ile, mwanangu. Dereva aje aseme haoni korido ya kwenda chooni?"

"Ndiyo maana hupokei vitu."

"Nitapokeaje nisichokiona? Kuliko nipapase mbele ya watu, heri waseme nina maringo."

Mzee hakungoja jibu. Alikuwa amerudi kwenye kioo, shingo mbele, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa na kitu kingine ndani yake.

"Hebu kavute tena hako kadude. Na hapa ukingoni mwa giza pakuze. Huyu aliyesimama ni nani?"

"Mumeo wangu..." Ulimi ulimteleza, wote wawili wakaangua kicheko. "Mwanao, baba. Mume wangu."

"Anafanya nini?"

Hata yeye hakuwa ameliona hilo. Mumewe alikuwa amegeukia korido, amenyoosha mkono wenye kikombe, akimtazama baba yake. Alikuwa anatabasamu.

"Anakupa chai, baba."

"Kumbe." Mzee alisogea karibu zaidi, pua ikakaribia kugusa kioo. "Mimi jioni nasikia sauti yake tu, sauti ya mtu aliyechoka. Nilidhani amenichoka mimi. Kumbe huwa anacheka?"

Mzee mwenyewe ndiye aliyesema mwanawe aitwe. Jioni hiyo, kabla jua halijazama, alimkalisha mbele ya kompyuta, akamwamuru mkwewe avute kile kidude, naye akaeleza kila kitu kwa maneno machache. Mume alisikiliza akiwa ameshika paji la uso.

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniuliza?"

Hapo hapakuwa na mshindi. Kilichofuata ilikuwa kliniki ya macho, ambako daktari alimulika, akaandika, akasema ni mtoto wa jicho, tena kwenye macho yote mawili, na kwamba wataanza na la kulia.

"Nina watoto watano niliowalea," mzee alimwambia. "Huyu wa sita sikumwalika. Mtoe."

Alitolewa. Bandeji ilipofunguliwa na siku chache kupita, mzee alikuwa kama mgeni aliyeingia nyumba ile mara ya kwanza. Alizunguka akifumba jicho moja, kisha jingine. Aliwauliza shuka wamezifua kwa sabuni gani, mbona zina samawati. Aliuliza kama kuta zimepakwa rangi upya.

"Ukuta ni uleule, baba," mshona mapazia alisema.

"Kwa jicho hili la kulia ni mweupe. Kwa hili la kushoto, ambalo bado, ni kama umemwagiwa chai."

Mshona mapazia alisimama ghafla, akaenda kuchukua kamera. Alipiga picha sebule, watoto wakiwa kwenye kochi, akaifungua kwenye kompyuta, akatafuta kidude ambacho hadi siku hiyo hakuwa amekielewa, kile cha joto la rangi. Ukikivuta upande mmoja picha inakuwa ya buluu na baridi, ukikivuta upande mwingine inaiva.

"Fumba la kushoto, tazama ukuta wenyewe kwa la kulia. Sasa fumba la kulia, tazama ukuta kwa la kushoto. Unaukumbuka? Haya, tazama kioo kwa hilo zima, la kulia. Niambie nikifika."

Alivuta kidogo. "Bado," mzee alisema. Akavuta tena. "Bado, mwanangu, usiogope." Picha ikawa ya manjano, kisha kahawia. Akapunguza na mwangaza, akatia ukungu kidogo.

"Hapo," mzee alisema. "Hapo hapo. Hivyo."

Mume aliacha alichokuwa akifanya, akaja kusimama nyuma yao. Wakaitazama sebule yao jinsi mzee alivyokuwa akiiona mchana kweupe, chafu kama gazeti lililosahauliwa juani, nyuso za watoto kwenye kochi zikiwa hazina macho wala midomo, madoa tu. Mume aliweka mkono begani mwa baba yake.

Mzee hakuwa na muda wa huzuni. Alikuwa amenyakua kipanya, anakizungusha mezani kama usukani.

"Na hiki kingine kinafanya nini?"

"Sijui, baba. Hicho bado sijafika."

"Basi tubonyeze tuone."

Alibonyeza. Sebule nzima ikapinduka juu chini, kochi likaning'inia darini na watoto wake wote.