Matundu Kwenye Marobota

Dada mkubwa alipopasua nailoni ya robota la nyasi za kuvundikwa asubuhi ile, harufu ya ukungu ilimvaa usoni. Nyasi zilizopaswa kunukia uchachu mtamu zilikuwa zimeota kuvu jeupe. Damu ikamchemka. La tatu kwa wiki moja! Na bandani farasi jike alikuwa akikohoa tangu juzi.

Akamfuata mume wa mdogo wake, aliyekuwa amelala chini ya trekta. Yeye ndiye aliyezifunga nyasi zile zikiwa zimenyauka nusu.

"Toka huko chini! Nilikwambia uzungushe nailoni mara sita. Umezungusha ngapi? Mbili?"

"Sita, shemeji. Nilihesabu."

"Ulihesabu umefumba macho? Farasi anaumia, wewe unanichezea akili!"

Alimwaga radhi mbele ya daktari wa mifugo, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka garini. Shemeji alitoka chini ya trekta. Alijifuta mafuta, akamwongoza dada hadi kwenye marobota, akachana ukingo wa nailoni tabaka moja moja. Sita. Kisha akamwonyesha tundu dogo la duara. Robota la pili, tundu. La tatu, tundu. Yote usawa wa kiuno.

Walikuwa bado wameinama baba yake dada alipotokea akichechemea. Akadidimiza ncha ya chuma ya fimbo yake kwenye robota, akaichomoa, akainusa.

"Yanaiva vizuri," alisema kwa fahari. "Kila siku nayapima."

Tangu azaliwe, dada hakuwahi kumpandishia baba yake sauti. Siku hiyo alipandisha.

"Baba, unayaharibu! Hewa ikiingia, yanaoza!"

Akampokonya fimbo na kuitupa mbali. Mzee akapepesuka.

"Nyasi nimezipanda mimi," alisema.

"Na wanaozila nawauguza mimi!"

Ni shemeji, yule yule aliyetukanwa, aliyempa mzee bega na kumrudisha nyumbani.

Daktari alisema farasi atapona, ila asilambe tena ukungu. Wakatupa marobota tisa. Yaliyobaki walianza kuyaziba matundu kwa utepe wa gundi, dada na shemeji yake, bila kutazamana.

"Shemeji, nisamehe," alisema hatimaye.

"Kata utepe," shemeji akajibu.

Akakata. Hasira ilikuwa bado haijamtoka, ila sasa sehemu kubwa ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe.