Nilisimama Kati ya Mashine na Uamuzi

Maji yalikuwa yakidondoka jikoni, tone moja moja, ndani ya beseni la bati. Usiku wa jana niliota kwamba kati ya tone na tone niliitwa kazini.

Sikushangaa, maana nililala na wasiwasi. Leo watumishi wote wa halmashauri tunarudisha fomu ya tamko kuhusu akili mnemba. Swali ni moja: umewahi kuingiza taarifa za mwananchi kwenye programu zake? Ndiyo au Hapana. Na mwezi ujao nathibitishwa kazini, kama nitathibitishwa.

Jibu langu la kweli ni Ndiyo, mara moja. Mama mmoja alituandikia kumwombea shule ya bweni binti yake asiyesikia. Mimi kidato cha nne nilikimaliza kwa masomo ya jioni, mtoto mgongoni, na bado naogopa sentensi zangu. Nikainakili barua yake yote kwenye programu ya simu, jina la mtoto, umri wake wa miaka saba na kipimo cha masikio cha hospitali, nikaiambia mashine inijibie. Ilijibu vizuri mno. Nikachapisha, nikaweka kwenye jalada la kusainiwa na Afisa Utumishi wetu, Mama Ngonyani.

Basi, ndotoni niko masjala, kwenye makabati ya majalada, nimevaa khanga na viatu vya kazini. Waraka wa akili mnemba uliobandikwa ukutani unashuka, pini ikiwa bado kwenye paji la uso.

"Shikamoo, Waraka."

"Marahaba, Tusekile. Kifungu cha nne unakijua?"

"Mtumishi atasimama kati ya mashine na uamuzi."

"Mbona umekaa?"

Nasimama. Kushoto kwangu ipo mashine, ina umbo la fotokopi na imevaa tai. Kulia yupo Uamuzi. Sikujua kama Uamuzi ni mwanaume mnene, wala kwamba anapenda chapati.

"Nipishe, dada," anasema, mdomo umejaa. "Nina safari."

"Kwenda wapi?"

"Kwa yule mama wa shule ya bweni. Ameshafungasha."

Ananisukuma kwa tumbo, taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa kwake. Miguu inaniwasha kukimbia, lakini kifungu kinasema kusimama. Nasimama.

"Kifungu cha tano," Waraka anaendelea. "Kila andiko lililosaidiwa na mashine litajieleza."

Makabati yanafunguka. Barua zinainuka moja moja, kama watu wanaotoa ushuhuda kanisani.

"Mimi ni mwaliko wa kikao cha maji," inasema ya kwanza. "Niliandikwa na mashine. Tarehe aliiweka karani, na ndiyo iliyokosewa."

"Mimi ni hotuba ya kumuaga mkurugenzi. Machozi yote ni ya mashine."

"Mimi niliandikwa kwa mkono mwaka tisini na moja," inasema nyingine, ya manjano. "Sijajibiwa."

Halafu barua yangu inasimama, inaona haya. "Mimi ni jibu la yule mama. Aya ya kwanza, mashine. Aya ya pili, mashine. Sentensi ya tatu ya aya ya pili, ile isemayo nafasi ya mtoto imeshatengwa, hiyo haikutoka popote."

Naigeukia mashine. "Haikutoka popote, vipi?"

"Ilipendeza pale," inasema ikiweka tai yake sawa. "Aya ilikuwa fupi."

"Lakini shule haijasema kitu."

"Hukuniuliza shule imesema nini. Uliniambia niandike vizuri."

Uamuzi anamaliza chapati na kujifuta vidole kwenye khanga yangu.

Masjala sasa ni lile darasa langu la jioni, madawati yaleyale, ubao uleule. Mlangoni anaingia mama na tranka la bati kichwani, godoro la bweni limefungwa juu yake.

"Karibu, Mama..." nasema, na mdomo unakwama hapo. Jina la mtoto linalofuata halipo. "Mama nani vile?"

"Nilikuwa mama wa mtu," ananijibu bila hasira. "Tangu Jumanne majirani wananiita Mama, kisha wananyamaza. Na dukani hivyohivyo."

Natazama benchi la mbele. Miaka Saba na Kipimo cha Masikio wamekaa hapo, magoti pamoja. Mgambo wa halmashauri amewazuia, kwa sababu kifungu cha sita kinasema taarifa za mwananchi hazitoki nje ya ofisi.

"Jina yuko wapi?" nawauliza.

"Alitoka mapema," anasema Miaka Saba. "Wewe ndiye uliyemfungulia."

Naiambia mashine irudishe jina la watu.

"Ninalo, ila kulirudisha ni kazi," inasema. "Nimeshalichanganya. Kila neno sasa lina kidogo chake."

Nyuma ya tranka anatokea binti. Hasikii zogo lote hili. Ananitazama, anaweka vidole viwili juu ya nyusi, kisha anafungua kiganja, kama anayemwachia kipepeo.

"Ndilo jina lake," mamaye ananiambia. "La mikono. Hilo sikuliweka kwenye barua, ningeliandikaje?"

Mashine inavua tai, inaikunja.

Nami nainua mikono. Vidole viwili juu ya nyusi, kisha kiganja. "Karibu, Mama," nasema, na jina namalizia kwa mikono. Mama anaketi. Namwambia kwamba nafasi bado haijapatikana. Sentensi inatoka ilivyo, haina urembo wowote. Anashusha pumzi, anaanza kulifungua godoro.

Hapo ndipo Uamuzi anapita chini ya kwapa langu. Nilipoinua mikono nilimwachia upenyo. Anakimbia na barua yangu, mwepesi kuliko nilivyodhani, kuelekea kwa Mama Ngonyani, na miguu yangu imekuwa ya dawati.

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Nikiwa bado chali nikafungua simu, nikaisoma ile barua mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Aya ya pili, sentensi ya tatu: "Nafasi ya mtoto wako imeshatengwa kwa muhula ujao."

Nikakaa kitako. Nikamwandikia Mama Ngonyani: "Shikamoo mama. Naomba usisaini barua ya shule ya bweni. Ina uongo, na kosa ni langu. Nakuja mapema nikueleze." Nikaituma kabla sijaisoma mara ya pili. Nikachukua fomu, nikaweka alama ya vema penye Ndiyo. Alama ilitoka nje ya kisanduku.

Ikabaki barua mpya. "Ndugu mzazi," nikaandika. Nikakata. "Mpendwa mzazi." Nikakata. Nikaitazama simu. Si ningeomba mwanzo tu, mstari mmoja, bila jina la mtu? Kidole kilikuwa kimeshafika juu ya ile programu.

Binti yangu Atu, wa miaka minne, alikuwa ameamka, ananitazama kutoka kitandani. Aliweka vidole viwili juu ya nyusi, akafungua kiganja, jina lilelile la ndotoni ambalo sikuwa nimemwonyesha mtu.

"Mama, anasema andika wewe."