Meza ya Doreen

Katika duka la hisani la mji wa Skipton, Uingereza, linalouza vitu vya sadaka, Doreen na Pauline walisalimiana kama watu wanaotemeana mate kwa adabu.

"Umeamkaje, mpenzi?" Pauline huuliza, huku akibwaga sanduku la vitabu juu ya meza ya Doreen.

"Salama, mpenzi," Doreen hujibu, na kulishusha sakafuni.

Vita ilikuwa ya meza hiyo. Ilikaa chumba cha nyuma, karibu na hita, kati ya mashine ya kunyooshea nguo kwa mvuke na magunia ya nguo zilizotolewa sadaka. Hapo Doreen alikagua picha za vipande, zile za mchezo wa kuunganisha. Watu huzileta zimevurugika ndani ya maboksi, na hakuna ajuaye kama zimetimia mpaka mtu akae aziunganishe kipande kwa kipande. Doreen aliziunganisha, akazivunja tena, akaandika juu ya boksi: *Imetimia. D.* Tangu mumewe afie katika nyumba ya wagonjwa mahututi iliyochangiwa fedha na duka lile, hakuwa na mahali pengine ambapo kiti chake kilijulikana kuwa chake.

Pauline, msimamizi wa vitabu, aliona ni upuuzi mtupu. Alikuwa akisema, "Mimi nauza, yeye anacheza. Chekechea hii!"

Basi picha zikaanza kurudi. Mteja mmoja alirudisha picha ya daraja lenye pengo la kipande kimoja. Mwingine akarudisha paka asiye na jicho. Maboksi yote mawili yaliandikwa: *Imetimia. D.*

"Macho huchoka, mpenzi. Si aibu," Pauline alisema kwa sauti, wateja wasikie.

Gareth, meneja wao kijana, alijikuna shingo. "Bi Doreen, ikirudi nyingine, meza itakwenda kwa vitabu. Wewe utashika mashine ya mvuke."

Kazi ya mvuke ni ya kusimama kutwa, na miguu ya Doreen haikuweza, na wote walijua. Kumpa mvuke kulikuwa kumfukuza kwa maneno mazuri.

Jumatano asubuhi aliikuta aproni ya Pauline imetupwa juu ya kiti chake. Alipoishika aitundike, vidole vyake vilikutana na kitu kidogo kigumu mfukoni, chenye vichwa viwili na mapengo mawili. Vidole vile havikuhitaji macho kujua ni kipande cha picha.

Angeweza kukitoa. Lakini akikitoa, nani angeamini kilitoka wapi? Akaitundika aproni, akaketi, akaanza Baba Yetu kama kila asubuhi kabla ya kazi. Alipofika "kama sisi tunavyowasamehe", ulimi ukagoma.

"Bwana," akanong'ona, "leo naruka hapo. Unajua sababu."

Kisha akafungua boksi aliloliandika jana, akamwaga vipande mezani, akaunganisha upya. Hakwenda hata msalani. Wenzake walipoingia kunywa chai, picha ilikuwa tayari: bahari, miamba, mnara wa taa. Mahali pa mlango wa mnara palikuwa na tundu.

"Na hii pia!" Pauline, aproni kiunoni, alicheka. "Gareth, njoo uone 'imetimia' yake!"

"Imetimia," Doreen alisema. "Kipande unacho wewe, mfuko wa kulia. Kiweke, mpenzi, tunywe chai."

Mkono wa Pauline uliruka ukafunika mfuko.

"Umekitia wewe, mchawi mkubwa!"

"Hata hujatazama," Gareth alisema polepole. "Umejuaje kwamba kimo?"

Birika likachemka, likajizima. Pauline akakitoa kipande, akakishindilia kwa dole gumba mpaka meza ikatikisika. Mnara ukapata mlango.

"Haya, furahi! Kaa na meza yako mpaka uzikwe nayo."

"Nitakaa."

Gareth alilibeba mwenyewe sanduku la vitabu lililokuwa kando ya meza, akalipeleka mbele, asimtazame yeyote. Pauline akamimina chai: kikombe chake, kikombe cha Gareth. Cha Doreen kilibaki kimening'inia kwenye ndoano.

Doreen hakuinuka. Aliivunja picha, akafunga boksi, akapitisha kalamu juu ya maandishi yake ya jana ili yakolee. Halafu akafumba macho, akaianza tena ile sala. Alipofika palepale, akafumbua jicho moja, akakiona kikombe chake kikavu.

Akaruka tena.