Watafungua

Pale kijijini, nje kidogo ya Namanyere, hakuna aliyejua hasa Bertilla alikuwa anasomea nini chuo kikuu. Uhusiano wa kimataifa, alisema, na watu wakaitikia "aaa" kwa adabu. Baba yake, Mzee Zenon, ndiye aliyewafafanulia baada ya misa: "Anasomea mambo ya nchi na nchi. Mipaka yote anaijua." Bertilla, badala ya kumrekebisha, akatabasamu. Sifa tamu, jamani.

Mwaka huo mpaka wa Zambia ukafungwa, mahindi yakakatazwa kuvuka, ghala zimejaa. Bei ikaporomoka. Yusto, mlanguzi kutoka Sumbawanga mjini, akaja na lori lake akinunua kwa bei ya kutupa. Mahindi ya Mzee Zenon ndiyo yangemrudisha Bertilla chuoni kumalizia mwaka wa mwisho. Tegemeo jingine hawakuwa nalo.

"Mama, msomi ni wewe," mzee akamgeukia bintiye mbele za watu. "Tuuze au tungoje?"

Angeweza kusema hajui. Lakini uani walijaa majirani waliokuja kumsikiliza yeye. Akawaeleza makubaliano ya biashara ya kanda, na jinsi nchi jirani zisivyoweza kufungiana soko kwa muda mrefu. Darasani jibu lile lile lilimpatia alama nzuri.

"Msiuze," akamalizia. "Watafungua."

"Lini, dada?" Yusto akauliza.

"Karibuni tu."

Yusto akacheka, akawasha lori. Hakuna aliyemuuzia hata debe.

Wakangoja. Chuo kikafunguliwa bila Bertilla. Mvua za kwanza zikawakuta bado wanangoja, na dumuzi, mdudu asiye na habari na mikataba ya mtu, akaingia kila ghala na kutoboa mahindi mpaka ukitikisa gunia linatoa vumbi. Bertilla akawa anakwepa njia ya kisimani, maana katika kila ua palikuwa na mwanamke anayepepeta akitafuta punje nzima. Hakuna hata mmoja aliyemtukana. Wangemtukana angepata nafuu.

Ndipo redio ikatangaza kuwa mpaka umefunguliwa.

Mzee Zenon alitoka mbio, redio mkononi, uso unang'aa utadhani ghalani kwake kuna kitu. "Cleophas! Umesikia? Si nilikwambia? Mtoto alisema watafungua, na wamefungua!"

Bertilla alitamani ardhi ipasuke immeze. Alisema kweli, na ukweli wake haukumfaa mtu yeyote, hata yeye mwenyewe.

Jirani yao Cleophas akatoka na ungo wake mkononi, majirani wengine wakamfuata. Hakukuwa na kejeli usoni mwake.

"Kweli, mzee, huyu mtoto ana akili," akasema. "Hebu muulize, msimu huu tupande nini?"

Wote wakamgeukia Bertilla, wakimngoja aseme.